Waya Zinazoishia Ukutani

Nyamitanga, Mbarara
Jumapili, 17 Februari 2013

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kilimani. Mimi ni mzima, kile kikohozi cha Januari kimeniacha, na kitanda changu safari hii kiko karibu na dirisha. Natumaini mgongo wako umetulia, na kwamba mvua imefika Nakivale kabla mahindi hayajakata tamaa. Hapa imenyesha mara mbili tu. Kutoka bwenini tunauona mto Rwizi umekonda, na watu wanaufuata katikati kabisa kuchota maji.

Barua hii itakuja na Nehemiya, dereva wa lori la huko kwetu, akishamaliza kushusha nyanya sokoni siku ya Alhamisi. Kwa kuwa simu haziruhusiwi shuleni, barua zetu zote zinapita mikononi mwa askari wa geti, Mzee Mugisha, aliyekuwa mwanajeshi zamani. Siku niliyorudi aliniona nikifuta macho akasema, "Wewe mutoto ya Nakivale, hapana lia. Barua yako mimi nalinda kama bunduki." Wenzangu walicheka. Mimi pia nilicheka, ila baadaye, nikiwa peke yangu.

Sasa niko kidato cha tatu na tumeruhusiwa kuchagua masomo. Nimechagua kompyuta. Najua ulitaka nichague kilimo, lakini mwalimu wetu, Mwalimu Kellen, anafundisha polepole na hamwiti mtu kwa nguvu. Tangu muhula uanze sijanyoosha mkono hata mara moja. Ninaandika maswali yangu nyuma ya daftari, nikitumaini atayajibu mwenyewe mbele ya safari. Mara nyingi anayajibu.

Niandikie habari za nyumbani, hata zile ndogo.

Mtoto wako,
Apolline


Nakivale
Jumatano, 6 Machi 2013

Mwanangu Apolline,

Nimepata barua yako na nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili jirani asikie. Bwana asifiwe kwa afya yako. Mgongo uko vile vile, lakini nimeuzoea. Mvua ilikuja mingi kwa siku moja ikang'oa kona ya shitingi, lile turubai lililo juu ya jiko. Nimeifunga kwa mawe. Maharagwe yameota vizuri, mihogo hapana.

Habari kubwa ni hii. Hapa kambini wamefungua chumba cha ordinatere, hizo mnazoita kompyuta, karibu na kanisa. Ziko kumi, na umeme wake unatoka kwa jua. Siku ya kufungua, mgeni mmoja alisimama akasema ordinatere za dunia nzima zinasemezana. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Mimi nilikuwa ninafikiria.

Msimamizi wa chumba ni Constantin, yule aliyekuwa mwalimu kule Bukavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwambia ninataka kujifunza. Akaniuliza, "Mama Déo, utafanya nini na ordinatere?" Nikamjibu, "Wewe ulifanya nini na ile diplome?" Akanipa kiti.

Sasa ninakwenda kila Jumanne. Ninatafuta herufi kama kuku anayetafuta punje, lakini ninazipata. Kuna fasi ya kuandikiana barua humo ndani. Unachagua jina la mtu kwenye orodha, unaandika, unabonyeza, inakwenda. Nilimwomba Constantin aandike kwenye orodha jina la Déo Kabanda. Hakuniuliza kitu, aliliandika.

Apolline, nimemwandikia kaka yako. Mara mbili tayari. Nikibonyeza, mashine inaandika: ujumbe umepelekwa. Ni miaka minne sijaweza kumwambia mwanangu hata neno moja, na sasa kila Jumanne ninamwambia. Hajajibu bado. Labda huko aliko umeme ni wa shida.

Soma kwa bidii. Kilimo nitakufundisha mimi.

Shangazi yako,
Marie


Nyamitanga, Mbarara
Jumapili, 24 Machi 2013

Shangazi mpendwa,

Salamu za Jumapili ya Matawi. Tuliandamana mpaka kanisani na matawi mabichi, na mimi nilipewa kubeba kitabu cha nyimbo cha kwaya kwa sababu siimbi. Afya yangu ni njema. Chakula ni posho ya unga wa mahindi na maharagwe, na Jumapili wali.

Nimefurahi kwamba unajifunza. Wiki hii na sisi tumeanza somo la mitandao ya kompyuta. Ni somo refu.

Ninaomba unijibu maswali machache kuhusu chumba chenu. Waya zinazotoka nyuma ya mashine zinakwenda wapi? Je, juu ya paa, mbali na zile paneli za jua, kuna antena au sahani yoyote? Je, Constantin ana kijiti kidogo cha modemu chenye laini ya simu ndani yake? Na je, umewahi kuona mtu aliye nje ya chumba hicho akijibiwa au akijibu?

Ni kwa ajili ya masomo tu.

Msalimie Mama Pascaline, jirani yetu.

Mtoto wako,
Apolline


Nakivale
Jumatano, 10 Aprili 2013

Mwanangu Apolline,

Pasaka ilikwenda vizuri. Tulikula kuku mmoja watu tisa, na bado Mama Pascaline alisema ameshiba. Huyo mama ana adabu.

Maswali yako ni kama ya polisi wa mpakani, lakini nimeyafanyia kazi. Waya zote zinatoka nyuma ya mashine, zinapita chini ya meza, zinaingia ndani ya kisanduku kimoja chenye taa za kijani zinazopepesa. Kisanduku kimefungwa ukutani, chini ya dirisha. Juu ya paa ni paneli za jua peke yake. Kijiti sijui. Nilipomuuliza Constantin habari ya kijiti alifuta miwani yake muda mrefu, halafu akasema ana mkutano. Mkutano sikuuona.

Wale wa chumbani wanajibiana sana. Vijana wanaandikiana utani kutoka meza hii mpaka meza ile, na inafika kabla mtu hajainua kichwa. Kwa hiyo mashine zinafanya kazi.

Déo hajajibu. Ni barua saba sasa, na kila moja imepelekwa, nimeona kwa macho yangu. Sikuambii hivi ili usikitike. Mtu anaweza kusoma na kunyamaza. Ana haki yake. Tusiongee zaidi juu ya hiyo.

Likizo ikifika usichelewe njiani. Nimekuwekea karanga.

Shangazi yako,
Marie


Nyamitanga, Mbarara
Jumapili, 9 Juni 2013

Shangazi mpendwa,

Nilifika salama, na sombe ya majani ya muhogo uliyonifungia ilifika salama pia, ingawa haikuiona Jumanne. Wasichana wa bweni letu wanasema hawajui ni majani gani, lakini sufuria waliilamba. Mzee Mugisha alipewa karanga, akasema, "Sasa wewe nakujua."

Nitakuambia jambo nililolibeba nyumbani likizo nzima, kisha nikalirudisha shuleni bila kulifungua. Kila siku nilikaa nawe jikoni tukichambua maharagwe, na kila nilipofungua kinywa nilijikuta nauliza habari za chumvi. Unanijua. Kwenye karatasi nina ujasiri ambao mdomoni sina.

Mwezi wa tatu Mwalimu Kellen alitufundisha aina mbili za mitandao. Wa kwanza ni mtandao wa eneo dogo. Huo unaunganisha kompyuta zilizo karibu, za chumba kimoja au shule moja, kwa waya za mwenye chumba. Una haraka sana, hauharibiki ovyo, na hakuna wa kulipwa kila mwezi. Wa pili ni mtandao wa eneo pana. Huo unaunganisha mitandao midogo ya miji na nchi mbalimbali. Njia zake si za mtu mmoja. Zinapita kwenye minara ya makampuni ya simu, chini ya barabara, hata chini ya bahari, na lazima mtu akodi njia hiyo. Ni wa polepole zaidi, na hukatika mara nyingi. Lakini ndio unaofika mbali.

Nilikuwa nikiandika hayo, nikakumbuka barua yako. Shangazi, siku hiyo nilinyoosha mkono. Mwalimu Kellen alishangaa, akasema, "Ndiyo, Apolline." Nikauliza: mtu akiwa kwenye mtandao wa eneo dogo, akamwandikia mtu aliye mbali sana, barua inakwenda wapi? Akasema, "Haiendi popote. Inakaa humo humo." Darasa likacheka, kwa sababu kwao ni jambo jepesi. Nilikaa chini, na sikuandika kitu tena mpaka kengele.

Ndiyo maana nilikuuliza maswali yale. Na siku ya Jumamosi ya likizo, ulipokwenda kuchota maji, niliingia chumbani mwa Constantin nikapiga magoti nikafuata waya kwa mkono, moja moja. Zote kumi zinaingia kwenye kile kisanduku. Nilitafuta waya wa kumi na moja, unaotoka. Haupo. Waya zinaishia pale ukutani. Constantin alinikuta chini ya meza. Hakuniuliza ninatafuta nini.

Wewe ukimwita Mama Pascaline juu ya ua, anakusikia papo hapo, hulipi kitu, na njia ni yenu nyinyi wawili. Chumba kile ni hivyo. Lakini ukiita kwa sauti ile ile ili mimi nisikie huku Mbarara, sitasikia hata ukiita mwaka mzima. Mpaka upate karatasi, na Nehemiya, na barabara ya Kabingo yenye mashimo, na mkono wa Mzee Mugisha. Inachelewa, pengine inalowana, lakini inatoka.

Mashine haikusema uongo. Ilipeleka barua kwenye jina la Déo lililo katika orodha ya chumba. Ila nyuma ya jina hilo hakuna mtu. Zimekaa pale, hazijafunguliwa.

Nisamehe kwa kukuambia, na nisamehe kwa kuchelewa.

Apolline


Nyamitanga, Mbarara
Jumapili, 30 Juni 2013

Shangazi mpendwa,

Alhamisi mbili zimepita na Nehemiya anasema hakupewa kitu. Nilimuuliza kama unaumwa. Alisema alikuona shambani, ukilima, na kwamba ulimsalimia kwa mkono tu.

Kama umekasirika, nikasirikie kwa barua. Ninaogopa kuwa nimekuondolea kitu ambacho sina kingine cha kukuwekea mahali pake.

Apolline


Nakivale
Jumatano, 10 Julai 2013

Mwanangu Apolline,

Barua yako ya kwanza ilifika siku yake, na ya pili pia. Nehemiya hana kosa. Ni mimi. Nilitaka kwanza nijue ninakuandikia kama nani, mtu aliyechekwa au mtu aliyepona.

Siku niliyosoma habari ya waya, nilikwenda moja kwa moja kwa Constantin. Hata jembe nilikuwa nalo mkononi. Vijana wakahama wote upande ule mwingine.

Nikamuuliza, "Constantin, hizi ordinatere zinafika wapi?"

Akasema, "Mama Déo, zinafika pale kwa dirisha."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulininyamazia miezi minne?"

Akatoa miwani. Akasema, "Mama, uliponiambia niandike jina la Déo nilifikiri ni mwanafunzi atakuja. Wiki ya tatu nikaona barua zinalala fasi moja, hakuna anayezifungua, nikaelewa. Lakini wewe ulikuwa unakuja kila Jumanne umevaa kitenge cha kanisa. Nani angekuambia? Ungeambiwa na nani, na mimi mwoga hivi?"

"Ulizisoma?"

"Hapana. Kwa Mungu, hapana. Nilizitunza tu zisifutike."

Nikaweka jembe chini. Nilirudi nyumbani, nikafunga mlango, nikalia mpaka jua likashuka.

Na mimi sasa nifungue kifungo changu, kwa sababu wewe umefungua chako. Siku tulipokimbia vita kwetu Bunyakiri, kule Kongo, wewe ulikuwa na miaka kumi na moja, nilikuwa nimekushika mkono, na ulikuwa unalia kwa hiyo hukusikia. Tulikuwa tumevuka daraja. Nikakumbuka sufuria yangu kubwa ya aluminiamu, ile niliyonunua baada ya kuuza mihogo mwaka mzima. Nikamwambia Déo, wewe una miguu ya mbio, rudi uilete. Alirudi. Risasi zikaanza upande ule ule, watu wakatusukuma mbele, na sikumwona tena. Watu wakiniuliza, nasema tulipotezana njiani. Siyo njia, Apolline. Ni mdomo wangu, kwa ajili ya sufuria.

Kwa hiyo hizo barua zote kumi na sita ni barua moja. Ninaomba anisamehe. Na mashine ilikuwa inaniambia kila wiki kwamba imepelekwa. Basi mimi nilijua anasoma. Anasoma, anaelewa, na ananyamaza. Nilikuwa nikitoka pale ninatembea na jibu lake, na jibu lake lilikuwa hapana. Wewe ulidhani ninatoka na matumaini. Nilikuwa na kitenge cha kanisa kwa sababu nilikuwa nakwenda kuungama.

Kesho yake baada ya kulia niliamka mapema, nikawasha moto, na nikiwa nimeinama hapo jikoni jambo moja likaniingia kichwani: mtoto wangu hajakataa. Hajasikia tu. Kama yuko hai, hajui kama ninamtafuta. Nilikaa chini kwenye majivu. Nilicheka, Apolline. Mama Pascaline alikuja mbio akidhani nimerukwa na akili.

Usiseme tena kwamba umeniondolea kitu.

Sasa tufanye kazi. Wewe unajua mtandao unaotoka. Constantin alitaka kukuletea zile barua zote kwenye kijiti cha kutunzia maandishi, siyo kile cha modemu, nikakataa. Hizo zitabaki pale. Peleka jina lake tu, Déo Kabanda, la baba yake, la kwangu, Bunyakiri, daraja, mwaka 2009, na kwamba mama yake yuko Nakivale na anamtafuta. Hayo mengine nitamwambia mimi.

Shangazi yako,
Marie


Nyamitanga, Mbarara
Jumapili, 28 Julai 2013

Shangazi mpendwa,

Barua yako niliisoma nyuma ya jiko la shule, mahali ambapo hapana mtu. Sitasema kitu kuhusu sufuria. Nakumbuka mkono wako siku ile. Ulinishika kwa nguvu hata vidole vikafa ganzi, na hukuniachia mpaka tulipofika mpakani.

Kazi imefanyika. Maabara yetu ya kompyuta ni kama chumba chenu, waya nyingi na hakuna unaotoka. Mashine moja tu ndiyo inayofika nje, ile ya ofisi ya walimu, kwa modemu. Kwa siku nne nilisimama mlangoni mwa ofisi hiyo na kuondoka. Siku ya tano Mwalimu Kellen alitoka akaniuliza kama ninauza kitu.

Nilimpa karatasi badala ya kusema. Aliisoma, akainua macho. "Lile swali lako la mwezi wa tatu," akasema, "lilikuwa hili?" Nikaitika. Akaikunja ile karatasi. "Na mimi niliwaacha wacheke." Kisha akavuta kiti cha pili.

Tulikaa Jumamosi kuanzia saa nne mpaka chakula cha mchana. Huwezi kuamini ulivyo mzito mtandao wa eneo pana, Shangazi. Kitu ambacho maabara yetu hukipeleka kabla hujapepesa jicho, kule kilichukua dakika ishirini. Picha ya Déo, ile ya kipaimara uliyoitia ndani ya barua, ilikatika mara tatu, na ya nne ikapita. Tuliandika kwa ofisi inayotafuta jamaa waliotenganishwa na vita. Tuliandika pia kwenye ukurasa ambapo watu wa Bunyakiri waliotawanyika wanasalimiana. Wako Bujumbura, wako Lusaka, mmoja yuko Kanada na analalamika baridi. Mwalimu Kellen aliweka anwani yake mwenyewe kwa ajili ya majibu, kwa sababu mimi sina.

Sitaki nikudanganye. Barua imetoka, lakini kutoka si kupokelewa. Inawezekana asiione kamwe. Inawezekana ikachukua miaka. Ila akinyamaza, tusidhani tena kwamba ni hapana.

Mitihani inaanza kesho. Tutaonana mwezi wa nane.

Mtoto wako,
Apolline


Nyamitanga, Mbarara
Jumapili, 29 Septemba 2013

Shangazi,

Samahani, leo sikusalimu vizuri. Nina haraka ya kukuambia.

Ijumaa Mwalimu Kellen aliniita katikati ya somo la jiografia. Nilidhani nimekosa. Njiani kuelekea ofisini alinishika begani. Ameichapa kwenye karatasi ili uione mwenyewe, lakini naogopa karatasi isipotee njiani, kwa hiyo nainakili hapa neno kwa neno:

"Salamu kwa ule aliandika. Mimi njo Déo, mwana wa Kabanda na Marie, wa Bunyakiri. Niko Kalemie, ninabeba magunia kwa bandari ya ziwa. Mutu mumoja wa kwetu alinionyesha jina langu kwa telefone yake. Nilisoma mara mingi. Batu bengi banadanganya, kwa hiyo mumuulize mama: imbwa yetu ilikuwa inaitwa nani? Kama anajua, mumwambie niko muzima. Mumwambie tena anisamehe. Ile siku alinikataza kurudi kwa nyumba, nikamuasi, nikarudi kutafuta viatu vyangu vya mpira. Njo maana tulipotezana. Kila siku ninafikiri vile alikuwa ananingojea pale kwa daraja, sababu ya viatu."

Shangazi, mimi sikumbuki mbwa aliitwaje. Nilikuwa nikimwogopa. Jibu ni lako.

Duka la Swaibu pale Kabingo lina kompyuta moja yenye modemu. Mwalimu Kellen ameandika anwani ya Déo chini ya ukurasa huu, kwa herufi kubwa. Mwombe Constantin akusindikize.

Apolline


Nakivale
Jumatano, 9 Oktoba 2013

Mwanangu Apolline,

Uzima upo, na mvua ipo, na mahindi yamefika magotini. Nakusalimu kwa jina la yule asiyesahau mtu. Mwambie mwalimu wako nimemwombea mbele ya kanisa zima, na kwamba jina lake walilitamka vibaya lakini Mungu amelielewa.

Nilikwenda Kabingo Jumatatu. Constantin alikuja na shati la kola. Swaibu alitaka kuniandikia, akasema, "Mama, sema tu, mimi naandika haraka." Nikamwambia, "Nimesoma miezi minne bila kutoka nje ya dirisha. Leo sogea." Akasogea.

Mbwa alikuwa anaitwa Ministre, yaani waziri, kwa sababu alikula vizuri na hakuwahi kufanya kazi. Hilo nililiandika kwanza.

Halafu nikasimama, vidole vikiwa hewani. Apolline, nimeisoma hiyo karatasi mpaka imelainika kama kitambaa. Anasema nilimkataza. Anasema aliniasi. Mimi ninaikumbuka sauti yangu ikisema sufuria. Ninakumbuka mpaka jiwe nililokuwa nimesimama juu yake. Na yeye miaka minne amebeba viatu, kama mimi nilivyobeba sufuria, kila mmoja peke yake, na ziwa lote katikati.

Labda ananifunika. Alikuwa mtoto wa namna hiyo. Labda ni mimi nilimtuma kwa sufuria, na yeye alikuwa tayari ameshageuka kwa ajili ya viatu, na hakunisikia kabisa. Constantin alisoma juu ya bega langu akasema, "Mama, mwambie ukweli wako." Nilianza kuuandika. Niliandika sufu, nikafuta.

Sitabishana na mwanangu kwa mashine, hata kama hii inafika mbali. Nilimwandikia hivi:

"Mmoja wetu anakumbuka vibaya. Njoo Nakivale tubishane."

Leo nimerudi kwa Swaibu. Amejibu. Anauliza njia.

Shangazi yako,
Marie